Sehemu ya Maji Kwenye Ubao Wetu

Mwanangu wa pili alianza kuanguka akiwa na miaka minne. Mara ya kwanza tulidhani ni homa. Mara ya pili ilikuwa jikoni, na mkono wake wa kushoto uliingia kwenye makaa kabla sijamfikia. Huku kwetu Mbinga, miezi ya baridi moto hauzimwi kuanzia alfajiri, na watoto hukua wakiuzunguka. Kwa hiyo kovu la moto kwenye mkono au shavu la mtoto ni kama tangazo la kifafa kwa watu wanaojua kulisoma. Jirani zangu walijua kulisoma. Walianza kuwaita watoto wao waingie ndani kila tulipopita, maana waliamini kwamba povu la mgonjwa wa kifafa likikugusa, nawe umeshaambukizwa.

Mimi ni fundi cherehani. Wakati ule mume wangu alikuwa ameshapata kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe kule Ngaka, na alikuwa akirudi nyumbani wakati wa mapumziko tu. Naye aliogopa. Hakuwahi kulisema, lakini mtoto akianza kukakamaa, yeye alitoka nje akasimama kwenye migomba, mgongo wake ukiwa umeelekea nyumba, akangoja mpaka niseme yamekwisha. Sikumlaumu sana. Hakuna mtu aliyekuwa ametufundisha lolote.

Siku ya kliniki ya kifafa, wazazi tulikaa kwenye benchi moja refu na kila mmoja alitazama miguu yake. Hapo ndipo nilipokutana na mama wa Lipingo. Alikuwa amepanda kutoka ziwani na binti yake, msichana mrefu wa miaka kama kumi, mcheshi, ambaye hakuweza kukaa karibu na mtu bila kumshika nguo na kumuuliza ameishonea wapi. Mama yake aliutazama mkono wa mwanangu, akaniuliza bila kuzunguka:

"Huyu aliungua jikoni?"

"Ndiyo, dada."

"Nyinyi wa huku juu mnaogopa moto. Sisi kule ziwani tunaogopa maji. Kifafa ni kilekile, kinachagua tu mahali pa kumwangushia mtoto."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua. Benchi zima lilimsikia. Mwanamke mmoja aliyekaa mwishoni akasema kwamba wake alianguka kwenye shimo la kuchomea tofali. Mwingine akasema wake alijing'ata ulimi, na watu wakamtia kijiko mdomoni mpaka meno yakavunjika. Siku hiyo ndiyo tulianza kutazamana.

Aliyetukusanya kuwa chama alikuwa mzee mmoja mwenye duka la vyombo pale mjini. Wazazi wake walitoka upande wa pwani, yeye amezaliwa Mbinga, na binti yake mkubwa ana kifafa tangu utoto. Kila kliniki alikuja naye, akavua kofia yake mlangoni kama mtu anavyovua viatu akiingia msikitini. Sote tulimwita Mzee. Alitusaidia kuandikisha chama halmashauri, akatufungulia kundi la wasapu, na pia ukurasa wa chama kwenye mtandao wa kijamii, ili watu wa nje wajue siku za kliniki na waache kuwaficha watoto.

Kundi lile lilitufaa, halafu likaanza kutulemea. Asubuhi zilijaa picha za maua na "amkeni salama". Mtu akiuguliwa, zilifuata "pole" zisizo na mwisho, na hakuna mwenye roho ya kumwambia mwenzake asitoe pole. Mama mmoja wa Ngumbo, naye wa kule ziwani, aliuliza afanye nini kama mtoto amesahau dawa ya asubuhi. Muuguzi wa kliniki alimjibu vizuri kabisa. Baada ya muda mfupi mama mwingine aliuliza swali lilelile, na jibu lilikuwa limeshazikwa chini ya "amina" za watu wote. Tulikuwa tunajua mambo mengi, ila hatukuwa na pa kuyaweka.

Mzee alikwenda Songea kwenye mafunzo ya vyama vidogo, akarudi na habari. Alituita kwenye chumba cha nyuma cha duka lake, katikati ya maboksi ya sufuria.

"Kuna kitu kinaitwa wiki," alisema.

"Wiki hii au wiki ijayo, Mzee?" aliuliza mama wa Ngumbo.

Tulicheka, naye alicheka, kisha akaanza upya. Alisema ni kurasa kwenye mtandao, na kila mwanachama anaweza kuandika humo, anaweza kurekebisha alichoandika mwenzake, na hata kukifuta.

"Kufuta maneno ya mtu mzima?" niliuliza.

"Ndiyo. Lakini yaliyofutwa hayapotei. Yanabaki chini, yanaweza kurudishwa, na inaonekana ni nani aliyefuta."

Mtu mmoja akasema, kumbe ni kama ubao wa shule. Tangu hapo tukauita Ubao. Tuliupa sehemu zake: Moto, Maji, Dawa, Shule, Majirani. Tukakubaliana kwamba kila mtu aandike alilolifanya mwenyewe, si alilolisikia, na kwamba maneno yoyote yanayogusa dawa yasomwe kwanza na muuguzi. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mkali, asiyependa maneno mengi, na alitukubalia kwa kutikisa kichwa tu.

Wengi wetu hatukuzoea kuandika. Wengine walituma sauti, na mimi, kwa kuwa kazi yangu ni ya kukaa, nikawa mwandishi wao. Nilisikiliza kwa spika za masikioni huku nikikanyaga cherehani, nikifika mwisho wa mshono nasimama naandika. Ndivyo nilivyoyaandika maneno yote ya mama wa Lipingo. Nyuma ya sauti yake nilisikia kuku, mawimbi, na binti yake akimwingilia kila mara: "Mama, mwambie na hili." Lugha ya nyumbani kwao ni Kimpoto, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na hakuhitaji kupambwa. Alisema hivi:

"Mtoto wa kifafa haendi ziwani peke yake, hata kunawa uso. Msidhani ni mpaka maji yawe marefu. Yakifika kwenye kifundo cha mguu, yanatosha kumuua aliyeanguka kifudifudi. Kama mnakwenda kufua naye, mfunge kanga kiunoni, ncha ya pili ishike wewe. Watu watacheka. Waache wacheke."

Sehemu ya Maji ilikuwa yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Baada ya muda mama wa Ngumbo aliingia humo akaongeza kwamba heri mtoto aogeshwe nyumbani kwenye beseni, na katika kuongeza akazipanga upya sentensi mbili za mwenzake. Jioni hiyo simu yangu ililia.

"Mdogo wangu, nani ameingia kwenye maneno yangu?"

Nilimweleza.

"Hebu nisomee alivyoandika."

Nilimsomea.

"Ni kweli alichosema," alijibu. "Lakini angebisha hodi."

Likawa ndilo sharti letu. Kabla ya kugusa maneno ya mwenzako, unabisha hodi kwenye kundi: "Hodi kwenye Moto." Na mwenyewe anajibu karibu. Mzee alisema kule Songea hawakufundishwa hivyo, lakini kwetu ndivyo ilivyokuwa.

Mume wangu alikuwa kwenye kundi, ila hakuwahi kuandika hata salamu. Siku moja akiwa nyumbani, mtoto alianguka mlangoni nikiwa kwenye cherehani. Nilipogeuka, baba yake alikuwa ameshapiga magoti. Alimlaza ubavu, akavua sweta lake akaliweka chini ya kichwa, akausogeza mkono wa mtoto mbali na kizingiti, kisha akatulia akiitazama saa yake. Hakunitazama hata mimi. Mtoto alipoanza kupumua vizuri, alisema, "Nimesoma kule." Kisha akambeba, akakaa naye juani kwa muda mrefu. Nilirudi kwenye cherehani lakini sikuona nilichokuwa nikishona.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba Ubao ule haukuwa mchezo kwetu. Watoto walikuwa wanaishi kwa sababu yake.

Habari za Lipingo zilitufikia asubuhi, nikiwa nakata vitambaa vya sare za shule. Mama wa Ngumbo alimpigia Mzee, na Mzee aliandika kwenye kundi: "Binti wa mwenzetu wa Lipingo amefariki. Ni maji."

Niliweka mkasi chini. Sikumbuki niliandika nini. Sote tuliandika pole, na safari hii hakuna aliyeona ni nyingi.

Mzee alikuwa amempenda sana yule msichana. Kila kliniki msichana aliingia dukani kwake akamuuliza bei za vitu ambavyo hakukusudia kununua, naye alimjibu kwa heshima zote kama mteja. Katika uchungu wake alifanya jambo moja bila kutuuliza. Alichukua picha ya mtoto iliyopigwa siku ya kliniki, akiwa anacheka, akaiweka kwenye ukurasa wa chama, ule wa hadharani. Chini ya picha akanakili kutoka kwenye Ubao maneno ya mama yake kuhusu maji, na akaandika kwamba mtoto huyu ametangulia, wazazi wengine na wajifunze kutoka kwa mama yake.

Mwanzoni watu waliandika pole. Kisha mmoja aliuliza, "Mama aliyeandika haya ndiye aliyemwacha mtoto aende ziwani?" Mwingine akajibu, "Anafundisha wenzake kulea, wake kazama." Mwingine akasema hao wanachukuliwa na mapepo ya ziwa, hospitali itafanya nini. Walikuwa watu tusiowajua, wa miji ambayo pengine hatutafika. Mzee aliyaona mchana, akayafuta yote pamoja na picha. Lakini watu walikuwa wameshanakili na kusambaza. Kwenye Ubao, kilichofutwa kilibaki mikononi mwetu. Huko nje, kilichofutwa kilibaki mikononi mwa watu baki.

Kesho yake nilifungua sehemu ya Maji. Kulikuwa na kichwa cha habari na nafasi nyeupe chini yake. Maneno yote yalikuwa yamekwenda, na ilionekana wazi kwamba aliyeyafuta ni mama wa Lipingo mwenyewe.

Kwenye kundi watu walianza kubishana, kwa upole lakini walibishana. Mama wa Ngumbo alisema, "Maneno yale yamemwokoa wangu. Yarudishwe, tumlilie mtoto na maneno yawepo." Wengine waliunga mkono. Mmoja akasema aliyeyaandika ameyaondoa, na ni yake. Muuguzi, ambaye hakuzoea kuingia kwenye mijadala, aliandika: "Ingekuwa sehemu ya Dawa ningeirudisha saa hii. Hii siwezi kuamua mimi." Mzee angeweza kuyarudisha kwa kugusa mahali pamoja tu kwenye simu. Aliandika, "Mimi sigusi kitu. Twende kwanza msibani."

Tulishuka mimi na yeye. Kutoka Mbinga barabara inateremka na hali ya hewa inabadilika kadiri unavyoshuka, mpaka unavua sweta uliloondoka nalo nyumbani, na ziwa linajitokeza kubwa mbele yako. Mbamba Bay tulishuka basi, tukachukua bodaboda kufuata njia ya ufukweni kwenda kaskazini. Mzee alikuwa na mfuko wa mchele mapajani.

Nyumba ya msiba ilikuwa karibu na maji. Wanaume walikaa nje kwenye mabenchi ya kanisani, wanawake ndani kwenye mikeka. Nilimkuta mama wa Lipingo amekaa ameegemea ukuta, kichwa kimefunikwa kanga. Niliketi nikamshika, tukalia. Alikuwa amepungua uzito ndani ya siku chache kiasi kwamba nilihisi mifupa yake ya bega.

Baada ya muda Mzee aliomba ruhusa asogee mlangoni. Akavua kofia, akachuchumaa kwenye kizingiti ili asiwe juu ya waliokaa.

"Mama, pole," alisema. "Nimekuja kulia na wewe. Na nimekuja kwa jambo jingine. Mimi ndiye niliyeweka picha ya mtoto na maneno yako mbele ya watu. Sikubisha hodi kwako. Naomba unisamehe."

Mama wa Lipingo aliisogeza kanga usoni, akamtazama.

"Waliniletea simu hapahapa mkekani, Mzee. Wakaniambia, tazama unavyosemwa."

Mzee aliinamisha kichwa.

"Wewe ulitaka kuwasaidia watoto wa watu," aliendelea. "Najua. Nimekusamehe. Lakini picha yake iondoe kila mahali unapoweza."

"Kwetu nimeshaiondoa. Kwingine sina uwezo, mama."

"Najua," alisema tena.

Mzee alirudi nje. Nilibaki nimekaa naye. Niliogopa kuuliza, lakini nilijua kwamba nisipouliza pale sitauliza kamwe.

"Dada, umeyafuta."

"Nimeyafuta. Nani atamsikiliza anayefundisha kulinda kitu alichoshindwa kukilinda?"

Akanigusa goti, akaelekeza macho kwenye kona ya chumba. Alikuwepo mwanamke mtu mzima amekaa peke yake, ameuelekea ukuta. Nilikuwa nimempita wakati naingia. Sahani ya sima na mboga ilikuwa pembeni yake, imekauka.

"Yule ni wifi yangu, shangazi wa mtoto," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu marehemu mume wangu azikwe tunaishi naye. Watu wote wanaingia wananipa mimi pole. Yeye hakuna anayempa."

Kisha akanieleza. Siku ile yeye alikuwa amepanda shambani kuchimba mihogo. Shangazi alikuwa anageuza usipa kwenye uchanja, wale dagaa wetu wa ziwani, maana jua lilikuwa kali na wangeungua upande mmoja. Mtoto alikuwa anamsaidia. Mikono ikanuka samaki, akaenda kunawa.

"Hakuingia kwenye kina," alisema. "Aliangukia pale tunapooshea vyombo."

"Shangazi alikuwa anajua?"

"Kifafa alikijua. Kumlaza ubavu alijua, nilimwonyesha. Lakini yale mengine niliyasema kwenye simu, na yeye hana simu. Niliwaambia watu wa Ngumbo. Niliwaambia nyinyi wa Mbinga. Mtu ninayelala naye nyumba moja sikumwambia kwamba hata kunawa mikono kunaua. Nilidhani anaona ninavyofanya, basi inatosha."

Hakulia aliposema hivyo. Alijitanda kanga yake vizuri, akainuka. Wanawake walimwambia akae, mfiwa hahudumii watu. Hakuwajibu. Alikwenda akachukua sima ya moto, akaketi kwenye ile kona, akakata tonge akaliweka kwenye kiganja cha wifi yake na kuvifumba vidole vyake.

"Wifi, kula," alisema.

Niliutazama ule mkono uliofumbwa. Ulikaa hivyo muda mrefu kabla ya kupanda kwenda mdomoni.

Tulipokuwa tunarudi, Mzee alizungumza mara moja tu, tukisubiri basi pale Mbamba Bay. Aliniuliza, "Mtoto wako anabaki na nani ukienda sokoni?"

"Na mama mkwe."

"Yumo kwenye kundi?"

"Hapana, Mzee."

"Wa kwangu anabaki na mama yake. Mama yake hana simu ya wasapu. Mimi ninayo, nimejaza humo mambo yote, na mimi nashinda dukani."

Niliporudi nyumbani niliketi na mama mkwe jikoni, nikafungua Ubao, nikamsomea sehemu ya Moto tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilimsomea kwa Kimatengo, lugha yetu ya nyumbani, nikitafsiri palepale. Alisikiliza huku akichambua maharage. Nilipomaliza aliniuliza, "Haya mmeyajua tangu lini?"

"Yapata mwaka sasa, mama."

Aliendelea kuchambua maharage, na mimi nikakaa pale na swali lake.

Mambo mengi yalibadilika kwenye chama baada ya msiba ule, ingawa hatukukaa kikao kikubwa cha kuyatangaza. Picha ya mtoto yeyote haikuwekwa tena kwenye ukurasa wa hadharani, awe hai au marehemu. Ule ukurasa ukabaki wa kutangaza siku za kliniki na kuwajibu watu wanaouliza mahali pa kupata matibabu. Ubao ukaanza kusomwa kwa sauti. Kila mwenye simu alitakiwa amsomee yule anayebaki na mtoto, na amsomee tena mpaka naye aweze kuyasema mwenyewe. Tulizirekodi sehemu zote kwa Kimatengo, kwa Kinyasa, kwa Kimpoto, ili bibi asiyejua Kiswahili cha vitabu aweze kusikiliza kwenye simu ya mjukuu wake. Muuguzi alitukubalia tusome kwenye benchi siku ya kliniki wakati watu wakisubiri dawa. Alikuwa akisimama mlangoni akisikiliza, na tukikosea alituambia palepale.

Ila sehemu ya Maji ilibaki tupu. Mvua zilikuja zikakatika na ilikuwa bado tupu. Watu wa ziwani waliulizana kwa mdomo. Mama wa Lipingo hakutoka kwenye kundi, wala hakuandika chochote. Nilimpigia simu mara kwa mara, tukazungumza juu ya mihogo na bei ya usipa, na sikumuuliza.

Kisha siku moja ya kliniki, shangazi alikuja. Alikuja peke yake, bila mtoto, amevaa gauni lake la kanisani. Nilimwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeandika maneno ya watu?"

"Ndiye mimi."

"Nimekuja kuandika."

Tulikwenda kwenye chumba cha nyuma cha duka la Mzee. Mama wa Ngumbo alikuja nasi, maana shangazi alikuwa akianza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kimpoto. Mzee alitutolea viti, akatuletea chai, akatuacha. Shangazi hakuigusa chai. Alisema:

"Andika hivi. Mimi ndiye niliyekuwa naye siku ile."

Niliacha kuandika. "Shangazi, si lazima hilo liwemo. Unaweza kuanza na mafunzo yenyewe."

"Hilo ndilo la kwanza," alisema. "Usipoliandika hilo, mengine ni maneno tu."

Nikaandika. Maneno yake nayajua kwa moyo, maana nimeyasoma kwa watu wengi tangu wakati huo:

"Mimi ndiye niliyekuwa naye siku ile. Nilikuwa nageuza usipa. Mtoto wa wifi yangu alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia anacheka, kisha sikumsikia, na nikasema moyoni, ngoja nimalize upande huu. Wewe bibi, wewe shangazi, uliyeachiwa mtoto wa kifafa karibu na maji, usimlinde kwa masikio. Mtoto aliyeanguka majini hapigi kelele. Mshike mkono. Kama kazi yako inataka mikono miwili, kazi ingoje. Usipa wakiungua, ni usipa."

Mama wa Ngumbo alikuwa analia huku akitafsiri. Shangazi alikuwa amekaza macho kwenye simu yangu, kama anayetaka kuhakikisha kwamba kweli yanaingia humo.

Muuguzi aliyasoma jioni ileile, akasema hana la kurekebisha. Mzee hakutaka kuyaweka bila ruhusa ya mama wa mtoto. Alimpigia simu mbele yetu, akamsomea yote polepole.

"Mimi ndiye niliyempa nauli ya kuja huko," alisema mama wa Lipingo. "Yawekeni."

Tukayaweka chini ya kile kichwa cha habari kilichokaa tupu muda wote ule. Hatukuyarudisha yale ya kwanza. Baadhi ya wanachama bado wanaona tungeyarudisha, maana yalikuwa na mambo ya kufaa, ile kanga ya kiunoni na mengine. Huenda wana haki. Mambo yale mama wa Ngumbo ameyaandika upya kwa maneno yake mwenyewe, chini zaidi.

Wiki kadhaa baadaye, simu zetu zilionyesha kwamba kuna mtu ameigusa sehemu ya Maji. Alikuwa mama wa Lipingo. Nilikuwa na mteja mbele yangu, mwanamke anayepimwa gauni la harusi ya mdogo wake, na nikamwomba anisubiri. Nilidhani anafuta. Nilifungua palepale.

Maneno ya shangazi yalikuwa palepale, yote. Ilibidi nisome mara ya pili ndipo nilipoona kilichobadilika. Pale paliposema "mtoto wa wifi yangu," sasa panasema "mtoto wetu."

Mzee alipiga.

"Umeona?"

"Nimeona, Mzee."

Nilisikia sufuria zikigongana dukani kwake, kisha akasema kuna mteja ameingia, akakata. Nami nilirudi kumpima yule mwanamke, na nilimpima vibaya, ikabidi aje tena.

Mwisho wa juma nilimpigia mama wa Lipingo. Tulisalimiana, tukaulizana za nyumbani. Kisha nikamuuliza kama amemsomea wifi yake.

"Nimemsomea."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alichukua ndoo akaenda kuchota maji," alijibu. "Na mimi nikachukua yangu nikamfuata."